Chaji Inayopotea Adhuhuri

Je, mama alijua alichokuwa akikifanya? Nimeligeuzageuza swali hili tangu msimu wa kaskazi uliopita, na kila ninapodhani nimepata jibu, papo hapo hupata sababu ya kulikataa. Chuo kikuu nilisomea historia, na ingawa kazi yangu ya ofisini kisiwani haina uhusiano wowote na nilichosoma, tabia ya kudai ushahidi kabla ya kuamini haijanitoka. Katika jambo hili ushahidi ninao. Niliukusanya mwenyewe, kwa mita na kwa macho. Tatizo ni kwamba unashuhudia pande zote mbili.

Mama alikuwa akiishi peke yake Likoni, katika nyumba aliyoachiwa na baba, upande wa barabara inayoshuka Shelly Beach. Ana pumu. Daktari alimpa mashine ndogo inayogeuza dawa ya maji kuwa mvuke, akawa anauvuta kupitia kifuniko cha puani na mdomoni, na kwa mashine hiyo aliishi vyema mradi umeme upo. Lakini msimu wa joto umeme wetu hauaminiki. Jioni moja kifua kilimbana na stima zimepotea mtaa mzima. Jirani wa ukuta kwa ukuta alimkuta ameegemea mlango wa uani, hawezi kumaliza neno, akamtia kwenye tuktuk mpaka hospitali. Nilipofika, baada ya kuisubiri feri roho ikiwa mkononi, nilimkuta ameketi kitandani, kanga ameitanda sawasawa, akaniuliza kama nimekula.

Hapo ndipo mimi na kaka yangu tulipoanza kuzungumza juu ya kumhamisha. Kaka anaishi Nairobi, na baridi ya huko haikifai kifua cha mama. Ilibaki kwangu, Mtopanga, ambako mimi na mume wangu tuna chumba cha nyuma kilichokuwa cha binti yetu kabla hajaenda chuoni. Lakini kumng'oa mtu katika nyumba aliyozalia watoto wake ni jambo zito, na hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka mbele yake. Kaka ndiye aliyepata njia. Angetuma paneli ndogo ya sola, betri ya lithiamu na kidhibiti cha kuzisimamia, nami nizifunge na kuzijaribu kwa wiki kadhaa.

"Zikiweza kuiendesha mashine usiku kucha, abaki kwake," alisema. "Zikishindwa, mchukue. Kipimo ndicho kitakachoamua."

Sitaficha kwamba nilifarijika. Kulikuwa na utulivu mkubwa katika kukabidhi uamuzi wa namna ile kwa kitu kisichokuwa na moyo. Tulimweleza mama mpango wenyewe mimi nikiwa mbele yake na kaka akiwa kwenye simu, sauti imefunguliwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akakunja tasbihi yake kiganjani.

"Haya," alisema. "Nyinyi ndio mliosoma."

Paneli haikuwa kubwa, ilizidi kidogo sinia la pilau. Kwa ajili ya majaribio sikutaka kupanda juu ya bati la nyumba, kwa hivyo niliilaza juu ya banda la kuku uani, ambalo halizidi kifua changu, na ambako hakuna kivuli cha mti wala ukuta. Niliiinamisha kidogo vumbi lisitulie juu yake, nikaikaza kwa skrubu, nikapitisha waya dirishani hadi chumbani kwa mama, mahali nilipoweka betri na kidhibiti juu ya kijimeza. Kidhibiti kina kioo kidogo kinachoonyesha volti za betri, chaji inayoingia wakati huo na jumla ya iliyoingia siku nzima. Nilipounganisha waya wa mwisho, tarakimu zikaruka, nilicheka peke yangu kama mtoto.

Mama alisimama mlangoni akitazama. "Na hii yala nini?"

"Yala jua, mama."

"Basi kwetu haitakufa njaa."

Yale majaribio yalinivutia kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa sijui chochote kuhusu betri za aina ile, na nilianza kusoma usiku na kuuliza watu wanaozifunga. Betri za zamani tulizozizoea kwenye magari huchoka hadharani: volti hushuka kidogo kidogo, taa hufifia, ukaona mwenyewe kwamba mambo hayako sawa. Hii ya lithiamu ina tabia yake. Tangu imejaa mpaka inakaribia kwisha, volti zake husimama karibu pale pale, kisha huanguka ghafla. Ukiijulia hali, hujibu sijambo, na hata ikiwa imebakiwa na pumzi chache, jibu lake ni lile lile. Kwa hivyo kuitazama hakutoshi. Sharti uhesabu kilichoingia na kilichotoka. Nilipoyaelewa hayo nilimtazama mama, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, nikapata mawazo ambayo sikuyafuata wakati ule.

Utaratibu wangu ulikuwa hivi. Kila usiku mama aliwasha taa moja kwa betri, na mashine tuliiendesha hata kama hakuhitaji dawa, kwa maji ya chumvi ya hospitali. Jioni baada ya kazi nilivuka feri kwenda kusoma kilichoingia mchana kutwa, au nilimpigia simu akanisomea tarakimu. Jumamosi na Jumapili nilishinda naye.

Jumamosi ya kwanza betri ilijaa kabla ya alasiri. Nilimpigia kaka kwa furaha. Lakini jumla ya Jumatatu ilikuwa duni, na ya Jumanne vile vile. Jua lilikuwa kali mfululizo, mbingu haina hata wingu la kupangusia jasho, na bado chaji iliyoingia haikutosha kuirudisha iliyotumika usiku. Kufikia Alhamisi mashine ilizimika katikati ya kazi yake. Jumamosi iliyofuata betri ikajaa tena, tena kwa wepesi.

Nilimweleza mume wangu tukila. Aliweka tonge chini.

"Hiyo ni sola ya namna gani? Wenzake hupumzika Jumamosi na Jumapili, yenyewe siku za kazi ndiyo inalala?"

Nilicheka, lakini fumbo lile lilinikaa. Nilidhani vumbi la kuku ndilo sababu, nikaiosha paneli. Nilidhani kiungo cha waya kimelegea, nikakifungua na kukikaza upya. Nikasoma kwamba joto kali hupunguza nguvu za paneli, nikafikiri labda nimeikaribisha mno na bati la banda, nikaiinua kwa vipande vya mbao ipitishe hewa chini. Hakuna kilichobadilika. Nilimpigia mama adhuhuri moja nikiwa ofisini.

"Mama, taa ya kijani ya kidhibiti yawaka?"

"Yawaka."

"Hakuna kinachoizuia sola? Kivuli, nguo za kuanika?"

"Nguo zangu naanika upande wa pili. Mbingu nyeupe."

Kaka alianza kukata tamaa. Alisema huenda betri ni mbovu, na kwamba kama hali ni hii tusijidanganye, nianze kukitayarisha chumba. Mama nilimweleza kwamba majaribio hayaendi vizuri. Alinisikiliza kwa makini, akaniuliza kaka yangu anasemaje, kisha akaniuliza tena. Sikuona huzuni usoni mwake. Sikuona furaha pia. Volti zilikuwa pale pale.

Kilichobaki ni kwenda kuona kwa macho yangu, siku ya kazi, saa ile ile ambayo chaji hupotea. Niliomba ruhusa, nikavuka jua likiwa utosini. Nilipita kwenye ujia wa kando, nikausukuma mlango wa uani. Kuku walikuwa wamejikusanya kivulini midomo wazi. Juu ya banda lao paneli ilikuwa imelala chini ya kanga. Haikuwa kanga iliyotupiwa tu. Ilikuwa imetandikwa, pande zote zimevutwa zikanyooka, pembe tatu zimekandamizwa kwa mawe na ya nne kwa mchi wa kutwangia iliki. Upande wa rangi ulikuwa chini, usipauke.

Mama alitokea jikoni na mwiko mkononi.

"Mbona mapema? Umefukuzwa kazi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa. Mama, kanga hii?"

"Ya zamani hiyo, usiitamani."

"Nauliza yafanya nini hapa."

"Jua la saa hizi, mwanangu! Hata kuku wamelikimbia. Hebu kishike kioo kile, wallahi chataka kukutoa ngozi. Nakifunika kipumue, alasiri nakifunua."

"Lakini yala jua. Nilikwambia."

"Ulinambia. Na wewe wala wali, nikumiminie kinywani ukiwa bado watokota?"

"Kila siku waifunika?"

"Siku usizokuwako. Ukiwako watazama mwenyewe." Alishusha mwiko, akapunguza sauti. "Na watu je? Kila apitaye ujiani hutia mato, atazame. Kitu walichonipa wanangu nikiache wazi vile?"

Niliketi kwenye kigoda nikacheka mpaka machozi yakanitoka, naye akacheka kwa kuwa mimi nacheka. Kisha nikaingia ndani kunywa maji, na kicheko kikanikatikia mlangoni. Televisheni ya mama ilikuwa imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Juu ya friji kulikuwa na kitambaa. Cherehani ilikuwa na shuka lake, redio ina mfuko wake, na mashine ya dawa ilikuwa chini ya leso iliyotarizwa. Nimekulia katika nyumba ile. Sikumbuki chombo cha thamani ambacho mama hakukivisha. Kwetu kitu kinachopendwa hufunikwa, na mtu wa kwetu angeweza kuufunika mtambo wa kunasa jua bila kuona kwamba amekosea.

Huo ndio ushahidi wa upande mmoja, na ungenitosha. Lakini mama si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Alikuwa akijua, kwa sababu nilimweleza na akarudia kwa maneno yake, kwamba chombo kile kinaishi kwa jua. Alijua pia kwamba kikishindwa, nitamchukua. Na nilipomuuliza kwenye simu kama kuna kinachoizuia sola, alinijibu kuhusu nguo na mbingu. Hayo yote yalikuwa kweli.

Nilibaki kwake, na kesho yake nikamwomba aiache paneli wazi. Tulikaa kwenye baraza ya uani tukichambua mchicha, kila baada ya muda nikiingia kutazama kioo cha kidhibiti, yeye akiniuliza, "Imeshiba?" kama anayemuuliza mtoto wa jirani. Kabla ya adhana ya alasiri betri ilikuwa imejaa. Tuliendesha mashine kwa muda mrefu kuliko ambavyo mama angeihitaji usiku wowote, na taa, na redio juu yake. Betri haikutetereka. Nilimpigia kaka. Alishukuru Mungu kwa sauti iliyojaa chumba.

"Basi imekwisha hiyo," alisema. "Bi mkubwa abaki kwake."

Nilirudi barazani. Mama alikuwa akiosha mikono.

"Imefaulu," nilimwambia.

"Alhamdulillahi. Kwa hivyo nakaa."

"Wakaa kwako, mama, kama utakavyo."

Alijipangusa mikono kwa upindo wa kanga, taratibu, kidole baada ya kidole. "Kile chumba chenu cha nyuma," alisema, "dirisha lake laelekea wapi?"

"Matlai, linakochomoza jua."

"Basi chapata upepo." Akaurudisha upindo mahali pake. "Na mume wako hajambo?"

"Hajambo. Akusalimu."

"Yeye hakusema neno?"

"Neno gani, mama?"

"Hakuna. Namuulizia tu."

Nilivuka jioni ile nikiwa nimesimama, sitazami chochote. Neno lile dogo lilikuwa likizunguka kichwani. Mama yangu hajawahi kula mbele ya mume wangu. Akija kwetu hukaa karibu na mlango, kanga imeshuka hadi kwenye nyusi, na husema maneno machache mazuri kisha hutaka kwenda. Si chuki, anampenda. Ni haya ya mtu na mkwewe, ambayo kwa wanawake wa umri wake na mtaa wake ni nzito kuliko ukuta. Mwanamke kama yule haendi kukaa kwa mkwewe kwa sababu bintiye na mwanawe wameshauriana. Mwenye nyumba ndiye amwombe, kwa kinywa chake, na yeye akatae, aombwe tena, akatae, mpaka kukubali kwake kuwe ni kumhurumia aliyeomba. Mimi na kaka tulimwambia "tutakuchukua", kama anavyochukuliwa mgonjwa au mzigo, tena kwa sharti la kushindwa kwa betri. Hatukumwacha mahali pa kusimama. Akitaka kubaki, ni lazima mashine ifaulu. Akitaka kuja, ni lazima ishindwe. Hakuna aliyemuuliza anataka nini, na hata angeulizwa, adabu yake isingemruhusu kujibu.

Nilimsimulia mume wangu yote, kuanzia kanga hadi dirisha. Yeye alikulia Changamwe, katika majumba ya wafanyakazi wa bandari ambako watu wa kila kabila walipangana mlango kwa mlango na haya za namna hii zilipungua.

"Sasa aliifunika ili ishindwe?" aliuliza.

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

"Mtu humuulizaje mamake swali hilo?"

Alifikiri. "Mimi nilidhani nikisema kitu nitaonekana najitia katika mambo yenu. Nilikuambia wewe kwamba aje, tangu siku ya hospitali."

"Uliniambia mimi."

"Nilikuambia wewe, jikoni." Alijikuna kidevu. "Kwa hivyo bibi wa watu amekuwa akinisubiri wiki zote hizi, nami namsubiri yeye, na katikati yetu kuna banda la kuku."

Alinyanyuka, akaenda kabatini, akatoa kanzu yake ya Idi. Nilimsikia akichomeka pasi. Ndivyo nilivyojua kwamba tumeamua.

Asubuhi yake tulivuka mapema. Mimi nilipita uani, yeye akaenda mlango wa mbele akapiga hodi kama mgeni. Mama aliponiona nimevaa vizuri siku ya kazi alifungua kinywa kuuliza, kisha akaisikia sauti ile mlangoni. Akaishusha kanga kichwani, akaketi kwenye ukingo wa kiti karibu na mlango wa ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kuna heri?"

"Heri tupu. Nimekuja kuomba."

"Waomba nini tena? Mke nishakupa."

Mume wangu alicheka, akainyoosha kanzu yake. "Mke ulinipa, nashukuru. Sasa naomba na mama. Nyumba imepoa tangu mtoto aende chuoni. Naomba uje ukae kwetu."

"Hapa sina dhiki. Hiyo sola yao imefaulu, hawakukwambia?"

"Waliniambia. Sikuja kwa ajili ya sola."

"Nami nina kuku."

"Kuku waje."

"Waje wawachafulie ua, majirani wa Mtopanga waseme?"

"Waseme, mama. Nakuomba mimi."

Mama alitazama sakafu. Nilikuwa nimeegemea mlango wa jikoni, nikizuia pumzi kana kwamba mwenye pumu ni mimi. Redio ya jirani ilimaliza habari, ikaanza tangazo.

"Nitakuja kutembea," alisema mwishowe. "Kutembea tu. Nikichoka narudi kwangu."

"Siku zozote upendazo."

"Na kile kioo? Na betri yake?"

"Tutavichukua," nilisema. "Mtopanga stima hupotea pia."

Alinyanyuka kwa wepesi ambao sikuuona tangu hospitali, akaenda kumkabidhi jirani funguo. Mume wangu alikunja mikono ya kanzu. Nilimpa bisibisi, akafungua skrubu moja moja, kuku wakimpigia kelele miguuni, akaiinua paneli na kuiegemeza ukutani. Jua lilikuwa limeanza tu kugusa ncha ya bati, halina ukali wowote.

Mama alirudi, akaitazama paneli, akatutazama sisi. Akaingia ndani na kutoka na ile kanga, imekunjwa.

"Ifunikeni," alisema. "Jua hilo."

Mume wangu alinigeukia. Usoni mwa mama hapakuwa na kitu nilichoweza kukisoma. Niliichukua kanga, nikaikunjua, nikaifunika paneli pande zote, upande wa rangi ukiwa ndani.